Pua ya Hajra na Chupa ya Ureno

Hajra aliporudi kutoka Ureno alinisalimia vizuri mno, na hapo ndipo shaka yangu ilipokomaa. Miaka thelathini tunapakana ukuta mmoja hapa Dunda, na shikamoo yake naijua. Huitoa akiwa anapita, mkono umeshika sinia kichwani, wala hangoji marahaba. Siku ile alisimama. Akanishika mikono yote miwili, akaniuliza magoti yanaendeleaje, akamuulizia mpaka paka. Mtu hamuulizii hali paka wa jirani ila ana kitu anakificha.

Lakini nisianze na alichokificha kabla ya kumsema mwenyewe.

Hajra ni binti wa Mikdad fundi cherehani, na mama yake alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitima, popote penye watu wengi na sufuria inayotosha kumwogeshea mtoto. Hajra alikuwa na miaka tisa mama alipoangushwa na homa katikati ya Ramadhani, na futari ya msikitini imo jikoni. Sasa mpishi aliyefunga ameruhusiwa kugusa chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, hilo kila mwanamke wa hapa analijua. Mtoto akaogopa. Tone likimpita kooni je? Basi hakugusa. Akafunua sufuria, akauvuta mvuke, akasema, "Bado." Akatia chumvi, akavuta tena, akasema, "Basi." Wanaume walipofuturu, imamu alichelewesha sala kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado anaramba vidole.

Tangu siku hiyo Hajra haonji. Ananusa.

Chumvi haina harufu. Nimeinusa mimi, ya mawe na ya unga, nimefumba macho na nimefumbua. Yeye anasema mvuke wenye chumvi huingia puani umenyooka, usio na chumvi huingia ukiyumba. Mtu akikwambia hivyo mara moja unacheka. Akikwambia miaka arobaini na pilau yake haijapata kuzidi chumvi wala kupungua, unanyamaza, unaendelea kumshuku kimoyomoyo.

Na pilau yenyewe sitaki niisifu sana nisije nikaonekana muongo. Nitasema moja tu. Alipopika harusi ya mjukuu wangu wa kwanza, harufu ilitoka uani ikashika barabara mpaka Msata, na malori ya njia ya Segera yakaanza kukunja kona kuja huku, madereva hawajui wanafuata nini. Lori moja lilibeba ng'ombe. Wale ng'ombe walipoisikia harufu ya wenzao walilia machozi. Mashahidi ninao, ila wote wameshafariki.

Mumewe Mbaruku alimwacha mjane mapema, na watoto watatu wamekua kwa sufuria ile. Kwa hiyo mjue Hajra ana nini duniani. Hana shamba Kiwangwa, hana duka. Ana mkono. Watu mia nne wanakula kutoka mkononi mwake bila kuuliza. Siku watakapoanza kuuliza, kazi imekwisha.

Na siku ya kuuliza ilianzia dukani kwa Umesh.

Umesh ana dada, Meena. Meena na Hajra wamekua pamoja. Kwao Meena hawali nyama hata ya kuchungulia, na kila alasiri alikuwa akija uani kwa kina Hajra kula mkate wa kumimina. Mkate wa kumimina tu, alisema mama yake. Mimi nilimwona siku moja na mnofu wa pilau shavuni. Sikumsema. Nilimwambia mtu mmoja, naye akawaambia wengine, hiyo si juu yangu. Meena akaolewa, akaishia Ureno, na mwaka huu alipomwoza binti yake akamtumia Hajra tiketi ya ndege. Wiki tatu. Nikajiuliza, mtu anayetaka kula pilau ya rafiki yake si angekuja yeye huku? Kwa nini kumpeleka mpishi mahali ambapo hatapika?

Siku ya kumi na mbili ya safari yake nilikwenda dukani kununua sukari. Mizani ya Umesh naishuku tangu wakati wa baba yake, na sijapata kuikuta na kosa, jambo linalonitia shaka zaidi. Nilikuwa nimeikazia macho aliponisogezea simu.

"Bi Dija, shikamoo. Mwone jirani yako. Meena kaleta picha."

Nikaona Hajra, baibui lake na ushungi wake, juu yake kafungwa aproni nyeupe. Kazungukwa na Wazungu wenye aproni kama hiyo. Mkononi ana glasi yenye kitu chekundu, kaipeleka puani, kafumba macho. Mezani chupa zimejipanga kama wanafunzi, na kando yake ndoo.

"Wako wapi hapa?"

"Darasa la mapishi. La siku moja, la wageni. Asubuhi wanapika, mchana wanaonja mvinyo."

"Wanaonja nini?"

"Mvinyo, bibi. Wa zabibu. Kule ndiyo desturi yao."

"Na ndoo?"

"Ya kutemea. Mtu anaonja, anatema, anaonja mwingine."

"Wameununua halafu wanautema."

"Ndiyo."

"Umesh," nikamwambia, "mimi mtu mzima."

Nilitoka dukani nimejiapiza sitamwambia mtu. Na sikumwambia. Nilimuuliza tu Mwanaharusi kama kweli Ureno kuna baridi, maana nimemwona Hajra kwenye picha kashika glasi ya kitu chekundu, labda dawa ya kifua.

Mwanaharusi, na hilo ni jina lake tu, ndiye aliyekuwa na harusi ya binti yake Jumapili ya mwisho wa mwezi, na sufuria ilikuwa imeshaahidiwa kwa Hajra tangu uchumba. Akaacha kuchambua mchele.

"Glasi ya namna gani?"

"Yenye mguu."

"Dawa ya kifua haitiwi kwenye glasi yenye mguu, Bi Dija."

"Ndiyo maana nikauliza."

Adhuhuri habari ilikuwa sokoni. Alasiri ilikuwa imefika Zinga, kwa Mwanajuma, ambaye naye anajiita mpishi wa shughuli. Pilau ya Mwanajuma mimi nimeila. Unaweza kuitumia kubandika bango la kampeni. Kesho yake asubuhi Mwanajuma huyo yuko kwa Mwanaharusi na bakuli la kachori, amekuja kumsalimia tu, na kusema tu kwamba yeye hana neno na Hajra, lakini mkono uliomimina pombe kwenye nyama ya makafiri kisha uje utie iliki kwenye pilau ya harusi ya Waislamu, yeye angekuwa mama wa bibi harusi asingepata usingizi.

Siku ya tisa, ambayo Hajra anarudi, ikafika, na Mwanaharusi alikuwa hajalala siku zote tisa.

Hajra alirudi, akanisalimia hivyo nilivyosema, na jioni nikamfuata chumbani kwake nikiwa na nanasi, ili nionekane nimeleta nanasi.

"Haya mwanangu, hebu niambie. Ulifundishwa nini ambacho hukijui?"

"Kusubiri," akasema. "Tulikuwa watu kumi na moja. Mwalimu mama mmoja mnene, mkarimu, mikono kama yetu. Akatupa kila mtu kitunguu kimoja na kisu. Kitunguu kimoja, Bi Dija. Nilikimaliza, nikamaliza cha jirani yangu, mzee wa Kijerumani, nikamaliza vya meza nzima, wenzangu bado wanapigwa picha. Akaniambia taratibu, hapa tunafurahia."

"Halafu?"

"Wakapika nyama. Mwalimu akachukua chupa nzima akaimimina sufuriani. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nikamwambia Meena, mwambie mimi hiyo sili wala sitaigeuza. Wakanipa jiko langu pembeni, nikapika wali na samaki. Wanatia giligilani nyingi kama sisi. Wageni walikuja wote kwenye jiko langu na sahani zao."

"Na glasi?"

"Umeiona picha."

"Sijaiona. Nimeisikia."

"Walipoanza kuonja, mimi nikakaa tu. Mwalimu akasema basi anuse, kunusa si kunywa. Nikanusa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikairudisha mezani. Nikamwambia Meena, hii inanuka mkeka uliolowa ukakunjwa kabla haujakauka. Meena akatafsiri, wakacheka. Mwalimu akaionja mwenyewe, akawa mwekundu kuliko mvinyo. Akaiondoa chupa. Kumbe kizibo chake kilikuwa kibovu, na watu wanne walikuwa wameshaisifu."

Hadithi nzuri. Mimi nilipoisimulia kwa wengine niliongeza mapipa arobaini yaliyomwagwa mtoni na samaki walioanza kuogelea kinyumenyume, kwa sababu hadithi nyembamba haishibishi. Lakini moyoni nilisema, mtu mwenye hadithi iliyonyooka namna hii ameifanyia mazoezi ndani ya ndege.

Akafungua sanduku lake la viungo kunipa zawadi. Kitambaa cha jikoni, na juu yake wamechora jogoo mweusi.

Nikakiacha kikaanguka. "Hajra. Jogoo mweusi?"

"Ndiyo jogoo wao wa bahati, Bi Dija. Yuko kila duka."

"Kila duka la nani? Mimi jogoo mweusi najua wanaompeleka, na najua wanampeleka kwa nani."

Akacheka akainama kukiokota, na hapo, kati ya mdalasini na karafuu, nikaiona. Chupa ndefu ya rangi nzito, imefungwa kanga nusu, shingo imechomoza.

"Na hiyo?"

"Hiyo ya kazi," akasema, na kifuniko cha sanduku kikashuka.

Ya kazi. Kazi gani ya pilau inayotaka chupa yenye shingo?

Sikumwambia mtu. Nilimuuliza tu mke wa muuza mkaa, yeye anayetembeatembea, chupa ndefu za rangi nzito huwa zinatiwa nini. Alhamisi Mwanaharusi akatuma neno: wanawake wa shughuli wakutane uani kwake Ijumaa baada ya alasiri, na Hajra awepo. Jumapili ni harusi. Ajulikane anayepika.

Ijumaa hiyo asubuhi Hajra alikwenda Magomeni ya hapahapa kwetu kutazama kuni, maana yeye alikuwa bado anajihesabu mpishi. Ufunguo akauacha kwangu kama anavyouacha siku zote, kwa kuniamini. Hilo ni kosa lake, si langu.

Niliingia kuangalia kama kuna panya. Panya hawakuwepo chumbani, nikasema labda wamo sandukuni. Chupa nikaitoa kwenye kanga. Kizibo kilikuwa kimeshafunguliwa kikarudishwa, na hapo nikasema, basi, mwenyewe anainywa. Nikanusa. Mimi pua yangu ni ya kuvutia ugoro tu, haikuniambia kitu. Sasa nifanyeje? Naenda kukaa mbele ya watu nikaseme nimeona chupa, wataniuliza ina nini, niseme sijui? Umri wangu huu?

Nikapiga funda moja, kwa ajili ya ukweli.

Tamu. Kwanza tamu, halafu tamu zaidi, halafu kwa mbali kama ganda la chungwa. Nikasema kumbe hiki ndicho kinachowafanya wanaume wauze nyumba. Na kwa kuwa ushahidi wa mmoja hautoshi, nikapiga funda la pili, tupate mashahidi wawili.

Hapo nikalewa. Naapa nililewa. Miguu ilianza kugombana njiani, kila mmoja unataka kutangulia. Ukuta wetu uliinama kunisalimia. Nilifika barazani kwangu nikaona paka wawili, na mimi nina paka mmoja. Yule wa pili baadaye ilijulikana ni wa Umesh, lakini wakati ule sikuwa na njia ya kujua. Nikaketi nikaomba toba kwa lugha zote ninazozijua, Kiswahili na Kikwere. Halafu nikafikiria harufu. Nikatafuna karafuu. Juu yake tambuu. Juu yake punje tatu za kitunguu saumu. Mwisho nikasugua meno kwa mkaa mpaka mdomo ukawa kama chungu.

Alasiri tulikuwa saba uani kwa Mwanaharusi, mkeka mmoja, chai kwenye birika na hakuna aliyemimina. Mwanajuma alikuja na kikapu, na kikapuni upawa wake umesimama, mpini nje, kila mtu auone.

Hajra akaketi, akatoa salamu. Mwanaharusi hakuzunguka.

"Mwenzangu, wewe umeozesha nusu ya mji huu. Sina kisa nawe. Lakini picha imeonekana, na binti yangu ni mmoja tu. Ulikunywa au hukunywa?"

"Ulimi wangu haukugusa."

"Glasi ilikuwa puani," akasema Mwanajuma. "Kutoka puani mpaka mdomoni si safari ya kupanda basi."

"Miaka arobaini nawapikia. Nani kati yenu ameniona naonja?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Hapa hatujakuona," akasema Mwanaharusi. "Huko hatukuwepo. Na hata kukaa meza moja na pombe, Hajra, ni neno."

"Hilo ni kweli," Hajra akasema. Sauti yake ikashuka. "Hilo nimekosea, na nimeshalitubia. Gari lilikuwa la Meena, mji ulikuwa mbali, niliona haya kusimama peke yangu mlangoni kama nimefukuzwa. Ningesimama. Lakini kunywa sikunywa, na kwenye chakula changu halikuingia tone. Mkitaka kunipokonya sufuria kwa kukaa, nipokonyeni. Kwa kunywa, hapana."

Nilimtazama vidole. Vilikuwa vinakunja pindo la baibui na kulikunjua. Na mimi, hata kwa ulevi ule, moyo uliguswa kidogo.

"Na chupa ya sandukuni?" Mwanaharusi akauliza.

Aliyewaambia habari ya chupa sijui ni nani. Yule mke wa muuza mkaa ana mdomo.

"Ipo," akasema Hajra. Akaitoa chini ya baibui, akaiweka katikati ya mkeka. "Na asubuhi ilikuwa shingoni. Sasa iko mabegani. Kuna mtu humu ameinywa."

Hakuna aliyepumua. Mimi hasa sikupumua, kwa sababu zangu.

"Niacheni ninuse," akasema. "Nikimpata, mjue pua yangu inatosha, na kule ilitosha. Nikimkosa, upawa wa Mwanajuma huo hapo, apike."

Mwanaharusi akaitika kwa kichwa.

Akaanza kwa mke wa muuza mkaa, akapita. Akainamia wa pili, akapita. Mimi nilikuwa wa tano na nilikuwa nimeshafunga mdomo mpaka masikio yanauma. Akafika mbele yangu, akapiga magoti, kama mtu anayetaka kuniamkia.

"Bi Dija, shikamoo."

Adabu yake ndiyo ilikuwa mtego. Shikamoo haijibiwi kwa kichwa.

"Marahaba," nikasema.

Akafumba macho, vilevile kama kwenye picha. "Mkaa," akasema. "Chini yake kitunguu saumu. Chini yake tambuu. Chini yake karafuu, na karafuu hiyo ni yangu, ya sandukuni. Na chini kabisa, zabibu na ganda la chungwa. Mafunda mawili."

Kicheko kilichotoka pale kiliwarusha kuku juu ya banda, na mmoja wao hajashuka mpaka leo.

Mwanajuma hakucheka. "Bi Dija ndiye anayeachiwa ufunguo," akasema. "Hata asiye na pua angemjua."

Kusema kweli, neno lake lilikuwa na uzito, na mimi nilikuwa wa kwanza kuliunga mkono. Lakini Hajra alikuwa ameshageuka, bado yuko magotini. Akavuta hewa mara moja tu.

"Na wewe, dada, leo asubuhi umeunguza wali. Ukatia kipande cha kaa la moto ndani ya sufuria kuvuta moshi. Halikuvuta wote. Umebaki kwenye ushungi."

Mwanajuma akashika ushungi wake kabla hajakumbuka kwamba hapaswi kuushika. Kisha mkono ukaenda kikapuni taratibu, na upawa ukalala.

Lakini Mwanaharusi alikuwa hajamaliza, na yeye ndiye mwenye binti. Akanigeukia. "Pua tumeiona. Imebaki chupa. Bi Dija, umekunywa wewe. Ni pombe?"

Nikawaza upesi kuliko nilivyowahi kuwaza. Nikisema ni pombe, Hajra amekwisha, na mimi ndiye mlevi pekee wa Dunda mwenye mashahidi sita. Nikisema si pombe, watasema najitetea. Nikaona kwa mara moja katika maisha yangu nijaribu ukweli, nione unakuwaje.

"Pombe sijui ladha yake. Kilikuwa kitamu, na kichwa kilizunguka. Nilikunywa nikidhani ni pombe, nitoe ushahidi. Lakini sijui."

"Alidhani ni pombe na akarudia," mke wa muuza mkaa akasema, na kuku wakaruka tena.

Hajra akaomba karai. Likaletwa, likabandikwa jikoni, akamimina kilichobaki kwenye chupa. "Mwalimu alinipa hii siku ya kuondoka," akasema huku anakoroga. "Aliona sinywi, akaenda stoo akaniletea. Maji ya zabibu, wanayakamua na kuyachemsha siku hiyohiyo kabla hayajachacha, mpaka yanakuwa mazito. Wanawapa watoto na mkate. Kizibo nilikifungua mwenyewe, ninuse kama ni kweli. Nilitaka kumfanyia bibi harusi kashata zake, za kwake peke yake, kwa hiyo nikaficha. Kama ingekuwa pombe ingeruka yote, mkabaki na maji machungu."

Haikuruka. Ilitoa mapovu mapana, ikageuka rangi ya kaimati, ikaanza kuvutika kwenye mwiko kama uzi. Mwanaharusi akaingia ndani mwenyewe akaleta karanga. Hajra akazitupia, akabandua, akamwaga kwenye sinia, akakata kabla hazijaganda. Mwanaharusi akachukua ya kwanza, akasema bismillahi, akatafuna muda mrefu, sote tunatazama taya.

"Jumapili njoo na alfajiri," akamwambia Hajra. "Kuni ziko tayari."

Kichwa changu kilitulia papo hapo, jambo ambalo hakuna aliyeweza kunieleza. Nilipewa kashata moja, nikaambiwa mbili nimeshakunywa. Na adhabu nikapewa na Hajra mwenyewe: Jumapili nimenye vitunguu saumu vyote vya watu mia nne, na nikae jirani na sufuria, mahali anaponiona.

Basi nikamenya. Kuanzia alfajiri mpaka vidole vikawa vinanuka hata nikivitia mfukoni. Hajra alifunga kanga kiunoni, juu yake aproni nyeupe ya Ureno, na kichwani kajifunga kile kitambaa cha jogoo mweusi alichokuwa amenipa mimi nikakikataa. Nyama ikachemka, viungo vikaingia. Akaniita nipime chumvi, konzi nane za mkono wangu, itiwe kwenye supu kabla ya mchele.

Na mimi bado sikuwa nimeridhika. Kunusa midomo ya watu ni jambo moja, na mtaa mzima ulijua ufunguo unaachwa kwangu. Chumvi haina harufu. Nikatia konzi sita. Mbili nikazifunga kwenye pindo la kanga, kimya, hakuna aliyeona, mimi mwenyewe sikujitazama.

Hajra akaja na upawa. Akafunua, mvuke ukampanda usoni, akafumba macho. Nilikuwa namenya kitunguu kilichokwisha kumenywa.

"Bi Dija," akasema, bila kugeuka, "shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Fungua pindo la kanga, uirudishe."

Nikaifungua, nikairudisha. Alivuta tena, akasema, "Basi," na mchele ukaingia. Watu mia nne walikula wakafuta sahani kwa vidole, na mpaka watu wa bwana harusi walituma mtu kuulizia ukoko. Mwanajuma alikula sahani mbili, ameinama.

Lakini mimi sijalala vizuri tangu siku ile. Kwa sababu mpaka leo sijui kama alinusa chumvi, au alininusa mimi.